Nabadilisha picha, make haijengi upya mchezo wangu wa Game Boy

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mchezo wa Game Boy kwa asembli, natumia RGBDS (zana za kujengea michezo ya Game Boy) na make (programu inayojenga upya mafaili yaliyobadilika tu) kwenye Linux. Nimechora vigae.png, rgbgfx inaigeuza kuwa vigae.2bpp (picha kwa muundo wa Game Boy), na main.asm, faili la msimbo, inaivuta kwa INCBIN (amri ya kuingiza faili kama lilivyo). Nikirekebisha picha nikapiga make, najibiwa `make: 'mchezo.gb' is up to date.` Mhusika anabaki na kofia ya zamani mpaka nipige make clean (kufuta vilivyojengwa).

La pili: kwenye emuleta (programu inayoiga Game Boy) mchezo unacheza vizuri, ila nikiupakia kwenye katriji, Game Boy yenyewe haivuki hatua ya nembo. Msaada tafadhali.

Mchangiaji 1:
Mkuu, make haisomi yaliyomo ndani ya main.asm. Inaangalia ulichoorodhesha baada ya nukta mbili, kisha inalinganisha saa za mafaili. Jaribu hivi:

```
main.o: main.asm vigae.2bpp
	rgbasm -o main.o main.asm

vigae.2bpp: vigae.png
	rgbgfx -o vigae.2bpp vigae.png
```

Mistari ya amri ianze na Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, italalamika "missing separator". Picha zikiongezeka, rgbasm ina `-M` ya kukuandikia orodha hiyo yenyewe.

Mchangiaji 2:
Mimi ningeweka amri zote kwenye skripti moja, kila kitu kijengwe upya. Mchezo wa KB 32 unachukua muda gani kwani?

Mchangiaji 1:
Kwa mchezo mdogo sawa. Ila akifika kwenye ramani na muziki atairudia make tu, bora aizoee sasa.

Mchangiaji 3:
Hilo la katriji: baada ya rgblink (inayounganisha mafaili kuwa mchezo.gb), je, unapitisha rgbfix (inayorekebisha kichwa cha faili hilo)?

`rgbfix -v -p 0xFF mchezo.gb`

Game Boy ikiwashwa inakagua nembo ya Nintendo, baiti 48 kuanzia $0104, halafu jumla ya ukaguzi (checksum) ya kichwa iliyopo $014D. Kimoja kikikosewa, inagoma palepale. Emuleta nyingi zinaruka ukaguzi huo, ndiyo maana huko unacheza. Hakikisha pia sehemu ya $0104 hadi $014F umeiacha wazi kwa `ds $150 - @, 0`, msimbo wako usije ukakaa humo.

Mleta mada:
Asanteni sana wakuu. Kofia mpya imetokea bila make clean! rgbfix haikuwemo, naiongeza sasa hivi. Katriji naijaribu usiku, nitaleta mrejesho.