Mauntingi (vishikizo) za injini: raba au poliurethani (plastiki ngumu kama raba)?

Wakuu habari, niko Dodoma hapa Kisasa, nina Toyota GX110 nimeifunga injini ya 1JZ yenye tabo, sasa nikiachia klachi tu injini inaruka na giaboksi linagonga kwa chini, fundi kasema mauntingi zimekufa, nifunge poliurethani au raba za kawaida?

— Pole mkuu. Gari unaendea kazini kila siku? Funga raba mpya za OEM (kama za kiwandani). Poliurethani ngumu injini inatulia kweli, ila ukiwa sailensa (gari imesimama injini inawaka) usukani na dashibodi vinatetemeka hadi meno, mke wangu aligoma kupanda 😂

— Sikubaliani sana, kuna laini za Shore 70A hivi (Shore ni kipimo cha ugumu) zinavumilika, za 90 kwenda juu ndo waachie wa mashindano. Na mauntingi ya giaboksi badili sambamba, ukiiacha iliyochoka mpya zitabeba mzigo wote.

— Kwanza angalia kama oili inavuja juu ya mauntingi, oili inalainisha raba, utabadili kila siku. Jeki iwekee ubao chini ya sampo (bakuli la oili) isibonyee, na nati kaza mwisho injini ikishakaa kwa uzito wake.

— Asanteni wakuu, naanza na lile vujo la oili.