Lindiwe Mabuza: je, ushairi ulimsaidia katika kazi ya ubalozi?

Mwalimu wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninasomesha Kiswahili katika skuli moja hapa Wete. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza kama yupo mwanamke wa Kiafrika aliyetunga mashairi na pia akashika madaraka ya nchi, nikamtajia Lindiwe Mabuza wa Afrika Kusini. Papo hapo akataka kujua iwapo ushairi ulimfaa katika ubalozi, au aliuweka kando alipopata cheo. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.

Binti wa Mkoani
Waalaykum salaam, Mwalimu. Tazama miaka yenyewe. Mabuza alifanya kazi ya ubalozi kabla hajawa na serikali ya kumtuma: mwaka 1979 chama cha ANC, kilichopigana na utawala wa ubaguzi wa rangi na ambacho kwao kilikuwa kimepigwa marufuku, kilimweka Stockholm awe mwakilishi wake katika nchi za Skandinavia, na baadaye akakiwakilisha Marekani. Balozi wa dola huenda na bendera na hati zake. Yeye alikuwa na maneno, na ilimbidi ayafanye yasikike kwa watu wasiowahi kuiona Soweto. Ni katika miaka hiyo ya uhamishoni alipokusanya mashairi ya wanawake wenzake wa ANC yakawa kitabu, Malibongwe, neno linalotokana na msemo wa Kizulu wa kutaka jina la wanawake lisifiwe. Naye mhariri, jina lake hakuliweka. Alitumia lakabu ya Sono Molefe. Kila nikilikumbuka hilo hunigusa sana.

Mzee wa Malindi
Binti yangu amesema kweli, nami naongeza yaliyofuata. Uchaguzi wa 1994 ulimwingiza bungeni, mwaka uliofuata akawa balozi Ujerumani, kisha Malaysia, kisha Uingereza hadi 2009. Alifariki Desemba 2021, akiwa na umri wa miaka 83, na hakuacha kutunga. Mwanafunzi akumbushwe kuwa Mwana Kupona, alipotaka wasia wake umkae mwanawe moyoni, aliutia katika utenzi, kwa kuwa neno lenye vina halisahauliki upesi. Basi mtu aliyezoea kulipima neno namna hiyo, sioni vipi angeuacha ujuzi huo mlangoni mwa ofisi.

Mwalimu wa Wete
Nawashukuru sana, Mzee wangu na dada yangu. Kesho nitaanza na habari ya ile lakabu, maana mtoto huyu naye huandika mashairi nyuma ya daftari lake, na hakuna hata moja alilolitia jina.