Mnaopima ukubwa wa joki kwa idadi ya ushindi, mmenichosha

Wadau, salamu baadaye. Leo nimekuja na hasira na sitaki kuificha.

Wiki nzima nasoma mabishano yenu kuhusu nani joki (mpanda farasi wa mbio) bora wa wakati wote, na kila ukurasa ni wimbo uleule. Mtu anabandika namba, mwingine anabandika namba kubwa zaidi, wa tatu anaandika "hesabu haidanganyi", halafu watu wanamshangilia kana kwamba kagundua dawa. Eti Jorge Ricardo wa Brazili ana ushindi zaidi ya 13,000, basi ndiye mfalme, mjadala umefungwa. Umefungwa na nani?

Kabla hamjaniuliza natokea wapi: mimi ni saisi, mtunza farasi. Mwaka wa kumi na moja huu, mingi nimeimalizia Nairobi pale Ngong Road, na miwili niliifanya kwenye mazizi ya Ghuba. Sijawahi kupanda mbio hata moja, kilo zangu haziruhusu, na ukweli ni kwamba woga pia upo. Kazi yangu ni kumpokea farasi akirudi. Nashika hatamu, naangalia mdomo, napitisha mkono mbavuni, nammwagia maji, namtembeza mpaka pumzi itulie. Kwa hiyo majoki nawajua kwa upande ambao runinga haiuonyeshi: kwa hali wanayomrudisha nayo mnyama.

Haya, tuanze na hizo namba zenu. Kabla ya Ricardo, aliyekuwa juu ya wote ni Mmarekani Russell Baze, ushindi 12,842. Mchapakazi, hilo halina ubishi. Lakini sehemu kubwa sana ya ushindi huo aliivuna kaskazini mwa California, Golden Gate Fields na Bay Meadows, katika mbio za kawaida ambazo nyinyi wenyewe hamkuwahi kuzitazama. Kentucky Derby, mbio kubwa ya Marekani, hakuishinda hata mara moja. Simdharau, mtu aliyedumu kwenye tandiko miaka yote ile bila kuvunjika moyo anastahili heshima yake. Ninachokataa ni kuigonga ile namba mezani kama karata ya turufu.

Na nyinyi wa upande wa pili, mnaosema "tuhesabu mbio kubwa tu", msicheke, zamu yenu imefika. Sir Gordon Richards alikuwa bingwa wa majoki Uingereza mara 26. Ishirini na sita! Derby ya Epsom, mbio kubwa ya huko, akaitafuta mara 27 akaikosa mara 27. Akaja kuipata mwaka 1953, jaribio la 28, juu ya farasi Pinza, akimwacha nyuma Aureole, farasi wa Malkia aliyekuwa ametawazwa siku chache tu kabla. Kwa kipimo chenu, tuseme siku moja kabla ya hiyo mbio Richards alikuwa joki mdogo, kesho yake akawa mkubwa? Kilichobadilika nini, mikono yake? Alipata farasi tu.

Hapo ndipo pa kukumbuka jambo ambalo mtu wa mazizini halisahau: anayekimbia ni farasi. Joki mwenye jina hupewa farasi wazuri, farasi wazuri hushinda, ushindi humwongezea jina, jina humletea farasi wazuri zaidi. Sasa utamjua vipi ukubwa wake yeye mwenyewe? Mimi naangalia siku ambayo farasi alikuwa hatoshi, au alikuwa na kasoro, na joki akaizunguka kasoro hiyo bila kumvunja.

Mfano. Joki Mwingereza Lester Piggott, mwaka 1968, juu ya Sir Ivor. Farasi mwenye kasi ya ajabu, lakini watu walitilia shaka kama pumzi yake ingefika mwisho wa Derby, maili moja na nusu, na Epsom yenyewe ina mteremko na kona ya kumpoteza mtu. Joki mwoga angemsukuma mapema ili awe salama. Piggott alikaa. Farasi mwingine, Connaught, akatangulia, mbio zikaonekana zimekwisha, yeye bado amekaa. Alipomwachia, farasi alipita kama aliyeanza mbio dakika ile. Fikirieni roho inayohitajika kukaa kimya hivyo juu ya mnyama wa thamani ile, mwenye farasi akitazama na umati wote ukipiga kelele. Mkono wenye haraka ungemmalizia pumzi kabla ya mstari.

Wengine wana saa kichwani. Steve Cauthen alishinda mbio zote tatu za taji la Marekani mwaka 1978 juu ya Affirmed akiwa na miaka 18, kisha akahamia Uingereza. Mwaka 1985 akamchukua Slip Anchor, akamweka mbele Derby nzima, akashinda kwa urefu wa farasi saba. Kuongoza tangu mwanzo mnaona ni rahisi, eti "kamwachia tu akimbie". Jaribuni. Ukizidisha mwendo kidogo mwanzoni, mita 400 za mwisho farasi anatembea. Ukipunguza kidogo, umewapa waliofuata nafasi ya kupumzika kwa gharama yako.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa.

Kurasa zote hizo mmezijaza na Dettori, Dettori, Dettori. Sawa, joki Mwitaliano Frankie Dettori, uwanja wa Ascot Uingereza, tarehe 28 Septemba 1996, mbio saba, ushindi saba, wenye kampuni za kamari walilia. Tunajua. Lakini sisi Waafrika tunaobishana hapa kwa Kiswahili, hakuna hata mmoja, HATA MMOJA, aliyemtaja Isaac Murphy!

Murphy alizaliwa Kentucky mwaka 1861, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Kentucky Derby ya kwanza kabisa, mwaka 1875, kati ya majoki 15 waliopanda, 13 walikuwa weusi, na aliyeshinda alikuwa mweusi, Oliver Lewis. Ile kazi ilikuwa yao. Walilelewa na farasi mazizini, wakalala nao, wakawajua kwa harufu. Murphy akaja kuwa wa kwanza kuishinda Derby hiyo mara tatu: 1884, 1890 na 1891.

Lakini mimi simpendi kwa hizo tatu. Nampenda kwa siku ya Juni 1890 huko Sheepshead Bay, New York, farasi wawili tu uwanjani. Salvator akiwa na Murphy, Tenny akiwa na Snapper Garrison. Garrison alikuwa bingwa wa kuchomoka mwishoni kwa fujo na mjeledi, hata Wamarekani wakaupa umaliziaji wa namna hiyo jina lake. Mwishoni Tenny akaja, akaja, akaja. Garrison anachapa kama anayetwanga. Murphy ametulia, mikono chini, anamwongoza farasi kama anayemnong'oneza. Salvator akamaliza mbele kidogo mno. Mimi naamini kwamba mtu mwingine juu ya Salvator angebabaika akamharibia mwendo.

Na nyie wa namba, mnapenda namba? Kwa hesabu yake mwenyewe Murphy alishinda mbio 44 katika kila 100 alizopanda. Waliorudi kupekua kumbukumbu za magazeti wakapata kama 34. Chukueni hiyo ya chini, bado mtatafuta sana wa kumfikia. Aliugua nimonia akafa mwaka 1896, ana miaka 35, baada ya maisha ya kujinyima chakula ili mizani ikubali. Kaburi lake likasahaulika hadi miaka ya 1960 lilipotafutwa upya. Wenzake je? Walibanwa kwenye uzio katikati ya mbio na majoki wazungu, na wenye farasi wakaacha kuwaita kazini. Jimmy Winkfield, aliyeshinda Derby hiyo 1901 na 1902, akaenda kutafuta riziki Urusi. Tangu yeye hakuna joki mweusi aliyeishinda tena. Halafu mnaniletea orodha ya "kumi bora" ambayo ndani yake Murphy hayupo. Aliyeitengeneza hiyo orodha ni nani, na nyinyi mnainakili kwa nini?

Jambo lingine, na hapa nawasema mliokuwapo Jumapili iliyopita. Kijana wetu mmoja, jina simtaji, ana miaka kumi na tisa, alipitwa kwa urefu wa shingo ya farasi kwenye mita za mwisho. Alihesabu vibaya, ni kweli, alidhani wa kando amechoka. Mkamzomea hadi kwenye mizani ya kupimia majoki, na mmoja wenu akaja humu kuandika kwamba atafute kazi ya bodaboda. Kisa? Mkeka ulichanika. Mtu amezoea farasi wa kwenye skrini ya duka la kamari, farasi wasio na mdomo wala mgongo, wanaokimbia kila dakika chache, anadhani na hawa wana betri.

Nikusimulie wewe wa bodaboda. Kentucky Derby, 1957. Bill Shoemaker yuko juu ya Gallant Man, anamkaribia Iron Liege, ushindi uko mkononi. Akakosea nguzo ya kumalizia! Akadhani amefika mstarini, akasimama kwenye vikuku vya tandiko kabla mbio hazijaisha. Ni sekunde tu, akakaa tena, lakini akashindwa kwa pua. Joki mkubwa, mbele ya nchi nzima, kosa la mtoto. Hakumsingizia farasi wala njia, alikiri. Wakamfungia siku 15. Wiki chache baadaye mwenye farasi akampandisha tena juu ya Gallant Man huyohuyo katika mbio kubwa nyingine, Belmont, wakashinda kwa urefu wa farasi nane. Shoemaker akaendelea mpaka ushindi 8,833, na mwaka 1986, akiwa na miaka 54, akaichukua tena Kentucky Derby juu ya Ferdinand. Kama enzi zile mngekuwapo na simu zenu, angekuwa anaendesha bodaboda Louisville.

Kuhusu mjeledi sitaongea sana, maana nikianza silali. Niliwahi kumpokea farasi aliyeshinda, mahali sipataji, mwenye farasi anapigwa picha, joki ananyanyuliwa, na mimi napitisha sifongo mbavuni nahesabu michirizi iliyovimba. Farasi yule alikuwa anaongoza kwa nafasi ya kutosha. Hakuhitaji hata kofi moja. Baada ya hapo kila akisikia nyayo za mtu mwenye buti anarudi nyuma hadi ukutani, na msimu uliofuata hakushinda kitu. Kwenye kumbukumbu, joki yule ana alama ya ushindi siku ile. Kwenu ni mmoja zaidi kwenye hesabu. Uingereza sasa wameweka kikomo, mara sita mbio za tambarare na mara saba mbio za kuruka viunzi, na ukizidisha unafungiwa. Piggott mwenyewe niliyemsifu hapo juu, Derby ya 1972 juu ya Roberto alichapa kwa namna ambayo leo ingemweka nje siku nyingi. Ndiyo, namsifu na namlaumu hapohapo, mkitaka mnicheke.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimesoma majibu yenu.

Anayesema "McCoy anamaliza mjadala, bingwa mara 20 mfululizo": ndugu, Tony McCoy wa mbio za viunzi namjua, lakini umerudi kulekule kwenye namba. Ungeniambia alivyompanda Wichita Lineman kwenye mbio za Cheltenham 2009, ningekuvulia kofia. Farasi anakosea viunzi, hataki, yuko nyuma, kila mtu ameshamfuta, na McCoy hamwachi, anambembeleza na kumsukuma hadi anashinda kwa shingo. Hiyo mbio moja inanieleza kuhusu McCoy kuliko ushindi wake wote 4,358 ukiniandikia kwenye karatasi.

Anayesema "wewe ni saisi tu, unajua nini": swali zuri, asante. Melbourne Cup, mbio kubwa ya Australia, mwaka 2015, Michelle Payne akawa mwanamke wa kwanza kuishinda, juu ya Prince Of Penzance aliyekuwa na odi ya 100 kwa 1. Baadhi ya wenye farasi walikuwa wametaka ashushwe, apandishwe mwanamume. Unajua saisi wa farasi yule alikuwa nani? Kaka yake Michelle, Stevie, mwenye hali ya Down, na ndiye aliyeingiza mkono kwenye droo ya mageti ya kuanzia mbio akatoa geti namba moja. Saisi tu.

Na mliouliza namba moja wangu ni nani: Murphy, kwa ile siku ya Salvator. Wa pili Shoemaker, pamoja na nguzo yake. Wa tatu bado nabishana na nafsi yangu, nyie leteni majina, lakini leteni na mbio mliyoiona. Jina likija na namba peke yake nalipita.

Yule kijana anapanda tena Jumapili, mbio ya tatu. Mnaotaka kumzomea mje mapema, na mlipe kiingilio kama wengine.