Nakala ya picha ya Madame de Sévigné kwa rangi ya mafuta: nianzie wapi?

Brashi_Mtumba: Wakuu, habari za jioni. Klabu ya Kifaransa hapa Dodoma imeagiza nakala ya picha ya Madame de Sévigné, yule Mfaransa wa karne ya 17 maarufu kwa barua zake, sentimita 60 kwa 75. Mtandaoni zipo nyingi na nyuso hazifanani. Ipi ndiyo yenyewe? Na amerikani itafaa badala ya turubai ya dukani?

Msomaji wa Kizota: Chukua ya Claude Lefèbvre, ya mwaka 1665 hivi. Iko makumbusho ya Carnavalet, Paris, jumba alilopanga Madame mwenyewe tangu 1677. Ya Robert Nanteuil ni nzuri mno, ila ni pasteli, yaani rangi kavu za vijiti kama chaki. Ulaini wake hauigiki kwa mafuta. Uwe macho usije ukachora binti yake, wanachanganywa sana.

Fundi Fremu: Amerikani inafaa, mkuu, ila ile nzito. Ifue kwanza, ikauke, upige pasi. Usipofanya hivyo itajikunja ukishapaka gundi na kuvuta fremu upande. Acha sentimita 5 kila upande wa kukunjia. Anza kupigilia katikati ya kila ubao, ndipo uelekee pembeni. Gundi nyeupe ya mbao sehemu 1, maji sehemu 2, paka mara moja. Kisha rangi nyeupe ya maji mara mbili, ukipiga msasa laini kila ikikauka. Ukiruka gundi, mafuta yatakula kitambaa.

Tabaka za chini ziwe na tapentaini zaidi, za juu mafuta zaidi. Ukigeuza, ya juu itawahi kukauka na kupasuka. Kipupwe hiki upepo una vumbi: kila jioni iegemeze ikitazama ukuta.

Brashi_Mtumba: Asante sana. Lulu za shingoni je? Zangu hutoka kama punje za mahindi.

Fundi Fremu: Kwa sababu unaanza na nyeupe. Anza na kijivu, ukingo wa chini weka rangi ya ngozi kidogo, maana lulu huakisi shingo. Nyeupe ni nukta moja tu, upande wa mwanga.

Msomaji wa Kizota: Chini andika: Marie de Rabutin-Chantal, Markizi wa Sévigné, 1626–1696. Na tafadhali usimwongezee kalamu mkononi. Barua za kesi ya Fouquet, aliyekuwa msimamizi wa fedha za mfalme, alishaandika 1664, lakini zile nyingi kwa binti yake zilianza 1671, binti alipohamia Provence, kusini mwa Ufaransa, kwa mumewe. Huyo wa kwenye picha bado hajaachana na mwanawe.