Shamba dogo hapa Iowa: nianzie wapi?

Kutoka kwa kijana wa Des Moines

Shikamooni wazee, na habari zenu ndugu na dada.

Nafanya kazi kiwanda cha nyama, shifti ya usiku. Mshahara unalipa nyumba na gari, na kinabaki kidogo cha kumtumia mama mdogo aliye bado kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Lakini nikikaa peke yangu najiuliza: ndiyo haya tu mpaka uzeeni? Vidole vimeanza kufa ganzi, na sioni ninachokijenga ambacho wanangu watakuja kusema hiki ni cha baba. Baba yangu alikuwa mkulima huko Fizi, Kongo, kabla ya vita. Mimi nimezaliwa kambini, jembe nalijua kwa bustani ya nyuma ya nyumba tu. Nina akiba kidogo, na nimeona tangazo la eka tano zinauzwa nje ya mji. Ninunue? Naomba mnishauri kwa ukweli.

Jibu la mzee wa Des Moines

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hicho unachokisema wengi wetu tunakibeba kimoyomoyo.

Ardhi usinunue mwaka huu. Kulima, lima. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Iowa State wa mwaka 2024 ulikuta eka moja ya shamba katika jimbo hili ni wastani wa dola 11,467, na vipande vidogo vya karibu na mji mara nyingi bei yake inapanda zaidi. Ukizimaliza pesa kwenye udongo, mpira wa maji utaununua na nini? Tena eka tano za mboga kwa mikono yako miwili, na usiku uko kiwandani, haziwezekani. Robo eka peke yake itakutoa jasho.

Nenda kwenye mradi wa Global Greens, ulio chini ya Lutheran Services in Iowa. Wanafundisha wakimbizi kilimo cha hapa na kuwapa sehemu ya kulima, na shamba lao liko West Des Moines. Nenda sasa hivi, theluji ikiwa bado chini, kwa sababu nafasi hupangwa wakati wa baridi. Usingoje mpaka uone watu wameshika majembe.

Kitakachokushangaza ni msimu, si kazi. Kwetu ukikosa mvua ya kwanza unangoja ya pili. Hapa jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha majani na kuua mimea, inaweza kuanguka hata mwanzoni mwa Mei, na inarudi tena Oktoba. Katikati ya hapo ndipo kila kitu kifanyike. Kwa hiyo nyanya, pilipili na zile nyanya chungu nyeupe, ambazo Warundi wanaziita intore, zianze kama miche ndani ya nyumba mwezi wa tatu, chini ya taa, zitoke nje katikati ya Mei. Lengalenga, yaani mchicha, hupandwa moja kwa moja shambani, lakini ungoje udongo upate joto; ukiimwaga kwenye udongo baridi mbegu inalala tu. Matembele ni Juni. Mahindi ya mbegu ya nyumbani usiyategemee: siku za kiangazi hapa ni ndefu mno, mmea unarefuka na kurefuka, unachelewa kuchanua, na jalidi inaukuta mahindi hayajakomaa. Na mtu asikudanganye ufiche mbegu kwenye sanduku la safari. Mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha wizara ya kilimo, la sivyo zinachukuliwa uwanja wa ndege.

Kuna mdudu mmoja lazima umfahamu. Ni mweusi, mdogo kama punje ya ulezi, ukimgusa anaruka. Asubuhi unakuta majani ya nyanya chungu yana matundu madogo madogo kama yaliyochomwa sindano, na mche mchanga ukishatobolewa hivyo unadumaa. Mzuie mapema. Siku ile ile unayopanda, funika tuta kwa kile kitambaa chepesi cheupe wanachouza maduka ya kilimo, ukandamize kingo zote kwa udongo. Ukikiacha wazi upande mmoja, umefanya kazi bure. Mimea ikishapata nguvu na kuanza maua, kiondoe ili nyuki wapite.

Jambo la pili ni dawa za magugu za majirani. Ukiwa jirani na mashamba ya mahindi na soya, upepo unaweza kuleta dawa ya 2,4-D au dicamba, na nyanya haziivumilii kabisa: majani yanajikunja na tunda halikui. Shamba la mboga linaweza kuandikishwa kwenye ramani ya FieldWatch, bila malipo, wapuliziaji wakaona ulipo. Kwa kipande kidogo sana huenda wasikukubalie, lakini msimamizi wa shamba anaweza kuwa ameshaandikisha shamba zima. Muulize.

Ukishalima misimu miwili mitatu ndipo uende ofisi ya FSA ya kaunti yako, ofisi ya serikali inayohudumia wakulima, upewe namba ya shamba. Wana mikopo midogo ya mpaka dola 50,000, na ofisi jirani yao, NRCS, ile ya kuhifadhi udongo na maji, husaidia kulipia nyumba ya plastiki inayorefusha msimu. Watataka kuona karatasi zako za ukaaji na uzoefu wako, kwa hiyo tunza risiti na daftari la mauzo tangu senti ya kwanza. Mapato ya shamba nayo yanaripotiwa kwenye kodi, na hizo risiti za mbegu, mbolea na mafuta ndizo zinazopunguza unachodaiwa.

Sasa hilo la moyo. Kule Nyarugusu sheria ilikuwa usitoke zaidi ya kilomita nne bila kibali. Mtu aliyelima mihogo ekari kwa ekari alikaa miaka akingoja mgao wa unga. Ile ilitutoa kitu ndani, na kiwanda hakikirudishi, hata kikilipa vizuri. Siku ninayochagua mwenyewe nipande nini wapi, na mtu akala, natembea nimenyooka. Usiache kazi, mwanangu, bima ya watoto iko pale. Lakini anza mwaka huu.

Jibu la dada wa Cedar Rapids

Mzee amesema vizuri, naomba niongeze kwa heshima. Kijana, hujamtaja mke wako popote. Ukirudi asubuhi kutoka shifti unalala. Julai jua linachoma, nani anamwagilia saa nne? Nimeona familia hapa kwetu ambapo shamba ni la baba kwa jina, na mama ndiye anayeinama siku nzima na mtoto mgongoni, halafu pesa za Jumamosi hazioni. Kaeni mezani kabla ya mbegu. Mkubaliane siku za nani, na pesa inaingia wapi.

Soko kubwa la katikati ya mji usilikimbilie. Meza ni gharama, na Wamarekani wengi bado hawaijui lengalenga. Anza na kanisa na WhatsApp: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Wasudani Kusini pia. Andika Alhamisi una nini, chukua oda, vuna Jumamosi alfajiri. Mimi fungu nauza dola tatu, na wateja wangu wanapiga simu kabla sijatangaza. Mboga nzima, isiyokatwa, haihitaji leseni ya chakula hapa Iowa. Ukishaikatakata au kuitwanga ukaiuza kwenye mfuko, hapo sheria ni nyingine.

Na mkitaka kulima nyuma ya nyumba wakati mnangoja nafasi, pimeni udongo kwanza kama nyumba ni ya zamani. Rangi za kabla ya 1978 nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yanabaki ardhini karibu na kuta, na watoto wanayashika.

Kutoka kwa kijana wa Des Moines

Asanteni sana, mzee wangu na dada yangu. Nimemsomea mke wangu barua zote mbili. Amesema Jumatatu na Jumatano ni zake, Ijumaa na Jumamosi ni zangu, na daftari la pesa analishika yeye. Nimekubali. Mzee, nitakupigia Jumapili baada ya ibada unielekeze ofisi ya Global Greens. Dada, hao Wasudani Kusini wanapenda mboga gani zaidi? Nataka kujua kabla sijaagiza mbegu.