Naomba ushauri: binti kaandika, mlezi kanuna

Wakuu, habari za jioni. Niko Mikindani, Mtwara. Kila Jumamosi nakaa chini ya mwembe na vijana saba walio kwenye malezi ya kambo, tunaandika hadithi na mashairi. Mwanzoni zilikuwa insha za shule tu, ile mtindo wa "Siku ya Idi". Juzi binti wa miaka 14 kaandika hadithi inayosimuliwa na kiroba cha unga: kimebeba nguo zake nyumba tatu, na kila wakifika hakifunguliwi chote. Nilikaa kimya, sikuwa na la kusahihisha.

Kumbe mama mlezi kalisoma daftari. "Anatutangaza," kasema, na binti haji tena. Mama wa watu si mbaya, kamsomesha vizuri tu.

Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa, ila siwezi kwenda barazani kwa mtu na kifungu mkononi.

Mliowahi: nianze na mama mwenyewe, au nimwone afisa ustawi wa jamii? Madaftari yakae kwangu? Na hao sita wanataka kusoma hadharani. Majina tutayafichaje mtaa ambao tunajuana wote?