Tupeane uzoefu: kununua gari mkononi mwa mtu wakati karatasi zake hazieleweki

Mwanzisha mada

Wakuu, gari limependeza na bei imependeza, ila kadi ina jina la mtu mwingine. Au namba ya injini haifanani na iliyoandikwa. Au hati halisi "iko kwa mjomba, utaletewa wiki ijayo". Uzi huu usiwe wa kusimuliana nani alilizwa na nani. Wenye ujuzi wekeni kinachokaguliwa, kwa mpangilio upi, na panapokwama.

Fundi bodi

Mimi naanza na chuma, karatasi baadaye. Karatasi huchapwa upya kwa urahisi, chuma kinasumbua.

Namba ya chesisi ya mfumo wa kimataifa ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazimo kabisa, ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo kadi ikiwa na O katikati ya namba, ama karani aliteleza, ama aliyeitengeneza hakujua hilo. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani ni habari nyingine: yana msimbo wa modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Hizo hazifiki 17, usizitilie shaka kwa sababu hiyo tu.

Itafute namba mahali zaidi ya pamoja. Kwenye magari mengi utaikuta kwenye kibati kinachoonekana chini ya kioo cha mbele, kwenye stika ya nguzo ya mlango, na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe: chini ya zulia karibu na kiti cha mbele, au kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kibati na stika hubadilishwa kwa dakika chache. Iliyogongwa ndiyo ya kuikazia macho.

Ifute vumbi na grisi, kisha mulika tochi kwa pembeni, si moja kwa moja. Mwanga wa ubavuni huonyesha mistari ya jiwe la kusagia, herufi moja iliyozama kuliko jirani zake, mstari unaopanda na kushuka, au nafasi zisizolingana. Angalia rangi: kipande hicho peke yake kiking'aa na kilichokizunguka kimechakaa, uliza kwa nini. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ikishika pembeni lakini inateleza juu ya namba, pana puti, yaani udongo wa kujazia bodi. Halafu tafuta alama za kuchomelea kuzunguka kipande chote, kwa sababu wapo wanaokata sehemu yenye namba kutoka gari lililogongwa na kuipachika kwenye gari lingine. Inua zulia upande wa pili pia. Kulehemu kwa kiwandani kuna vidoti vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Mstari mrefu wenye uvimbe ni kazi ya gereji.

Kutu ikiwa imeila namba kweli, muuzaji aende nalo kwa wakaguzi wa serikali likatambuliwe rasmi kabla ya wewe kutoa chochote. Hilo ni jukumu la mwenye gari.

Fundi umeme

Kuongezea hapo juu. Magari mengi ya miaka ya karibuni yameihifadhi namba ya chesisi ndani ya kompyuta ya injini. Chomeka mashine ya kusomea kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, isome, linganisha na chuma. Ikitofautiana usikimbilie kuita polisi: kompyuta iliyotumika hununuliwa na kufungwa kihalali kila siku, na risiti ya kazi hiyo inatosha kueleza. Lakini kompyuta ya injini, ya breki na ya mifuko ya hewa zote zikikubaliana kwa namba moja ambayo si ya kwenye chuma, basi kilichobadilishwa ni chuma.

Kitu ambacho wengi hawakitazami ni mikanda ya viti. Vuta mkanda hadi mwisho, chini kabisa kuna kitambulisho chenye tarehe ya kutengenezwa. Inapaswa kuitangulia kidogo tarehe ya gari. Mkanda uliotengenezwa mwaka mmoja baada ya gari unamaanisha ulibadilishwa, kwa kawaida baada ya ajali. Mikanda ya mbele ikiwa ya mwaka mmoja na ya nyuma ya mwaka mwingine, fikiria magari mawili yaliyounganishwa katikati. Vioo navyo vina alama ya mwaka kwenye kona. Kimoja kikitofautiana ni jiwe la barabarani, vyote vikitofautiana na kadi ni jambo jingine.

Mpenda hesabu

Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini, nafasi ya 9 ya namba ya chesisi ni tarakimu ya uhakiki. Herufi hugeuzwa kuwa namba: A hadi H ni 1 hadi 8, J hadi N ni 1 hadi 5, P ni 7, R ni 9, S hadi Z ni 2 hadi 9. Kila nafasi huzidishwa kwa uzito wake kwa mpangilio huu: 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 10, 0, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2. Jumlisha, gawa kwa 11, baki ndiyo inayokaa nafasi ya 9. Baki ikiwa 10 huandikwa X.

Jaribu na tarakimu 1 zikiwa 17 mfululizo: jumla ni 89, ukigawa kwa 11 inabaki 1, hesabu inakubali. Ndiyo maana msiiamini kupita kiasi. Inanasa makosa ya kuandika na namba za kubuni. Namba pacha, yaani halisi iliyonakiliwa kutoka gari jingine la aina na rangi ileile, inapita bila tatizo.

Nafasi ya 10 kwa magari hayohayo ni mwaka wa modeli: A ni 2010, H ni 2017, J ni 2018, R ni 2024. Mwaka wa modeli unaweza kuwa mmoja mbele ya mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja na kadi si kosa. Miaka mitatu ni kosa.

Karani mstaafu

Kadi ya gari inaonyesha hali ilivyokuwa siku ilipotolewa. Ya leo iko kwenye daftari la usajili. Omba taarifa mpya kutoka daftarini wewe mwenyewe, usikubali nakala aliyokuja nayo muuzaji, hata ikiwa na mhuri wa jana.

Tafuta mara mbili: mara moja kwa namba ya usajili, mara ya pili kwa namba ya chesisi. Zote zirudishe gari lilelile na mtu yuleyule. Namba ya usajili ikileta gari jeupe na mbele yako lipo la buluu, hapo pana mabadiliko ya rangi ambayo hayakuandikishwa, au pana pacha. Soma pia sehemu ya mazuio: mkopo, amri ya mahakama, taarifa ya wizi, kufutiwa usajili kwa ajali.

Tazama tarehe ya kutolewa kadi. Gari la miaka kumi lenye kadi ya mwezi uliopita ambayo ni "badala ya iliyopotea" linahitaji maelezo. Kadi kweli hupotea. Ila wapo wanaoiweka ya kwanza rehani kwa mkopeshaji, kisha wanaapa imepotea ili wapewe ya pili ya kuuzia.

Mgeni jukwaani

Na namba ya injini isiyolingana, mkuu?

Karani mstaafu

Injini hubadilishwa, si dhambi. Zitakiwe risiti ya ununuzi wa injini, karatasi ya fundi aliyeifunga, na mabadiliko yaandikishwe kwa jina la mmiliki wa sasa kabla ya kuhamisha. Ukikubali "utaandikisha mwenyewe ukishanunua", utaulizwa injini ilitoka wapi na huna jibu.

Wakili

Kanuni iliyoenea katika nchi nyingi ni kwamba asiye na haki juu ya mali hawezi kukupa haki hiyo, hata kama ulilipa bei kamili kwa nia njema. Nchi nyingine zina vighairi vinavyomlinda mnunuzi, ila gari la wizi mara nyingi huchukuliwa na kurudishwa kwa mwenyewe, na wewe unabaki na kesi ya kumdai aliyekuuzia. Kama unajua alipo.

Kadi ikiwa na jina la mtu asiyekuwepo, tofautisha. Yupo hai? Mpigie, muone, au upate hati ya uwakilishi inayotaja gari hili kwa namba ya chesisi na inayotaja mamlaka ya kuuza na kupokea fedha. Hati ya jumla ya "kunishughulikia mambo yangu" haitoshi. Mthibitishe aliyeigonga mhuri kwa kwenda ofisini kwake. Na kumbuka uwakilishi wa kawaida hufa na aliyeutoa. Akifariki kesho, karatasi haina kazi.

Amefariki? Mjane, mtoto mkubwa au kaka hana mamlaka kwa undugu tu. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na malipo yaende kwenye akaunti ya mirathi.

Gari la kampuni: hakikisha kampuni bado iko hai kwenye daftari la makampuni, na uone azimio linaloruhusu kuuza. Dereva mwenye funguo na mhuri si kampuni.

Fomu ya kuhamisha iliyosainiwa na nafasi ya mnunuzi kuachwa wazi ndiyo inayosumbua zaidi. Gari limepita mikono mitatu bila yeyote kuandikishwa, kukwepa ada. Ukiwa wa nne, mwenye jina daftarini anaweza kusema hajawahi kuuza, na saini yake ya miaka sita iliyopita haifanani na ya leo. Dawa ni aliyekuuzia ahamishe kwanza kwake, halafu kwako. Akikataa kwa sababu ya ada, ikatwe kwenye bei. Akikataa hata hivyo, achana nalo.

Dalali

Kuhusu deni la benki: halizuii biashara. Pata kwa maandishi kutoka kwa mkopeshaji kiasi cha kumaliza deni na tarehe kinapoisha muda. Lipa kiasi hicho moja kwa moja kwa mkopeshaji, kinachobaki kwa muuzaji, na usitoe kinachobaki hadi zuio lionekane limeondolewa daftarini. Muuzaji akisema "nipe mimi nikalipe", huyo ana madeni mengine.

Kishika uchumba kisizidi kile unachoweza kukisahau, na kiandikwe kwamba kinarudi karatasi zikikwama. Anayekuambia kuna mteja mwingine njiani, mwache huyo mteja afike.

Wa forodha

Fupi. Gari lililoingia kwa kibali cha muda, la kupita kwenda nchi nyingine, au kwa msamaha wa kodi wa ubalozi au shirika, linauzwa tu baada ya kodi kulipwa au kibali kutolewa. Namba za usajili za rangi au msimbo wa pekee ni dalili. Karatasi ya kuondoa mzigo bandarini iwe na namba ya chesisi ileile, siyo jina la modeli tu.

Fundi umeme

Moja limesahaulika: funguo. Kwenye magari mengi yenye kinga ya wizi, mashine inaonyesha idadi ya funguo zilizosajiliwa. Isome kabla ya kulipa. Zikiwa tatu na umekabidhiwa moja, zifute zilizobaki siku hiyohiyo, kabla gari halijalala nje.